Bundi Aliyeona Misitu Mitatu

Juu ya kitanda changu, katika chumba cha wanafunzi hapa Cardiff, ametundikwa ayala dume. Si mzima. Ni kichwa, shingo na pembe tu, vilivyokatwa kwenye plaiwudi ya tabaka tatu zilizogundishwa: ya nyuma nyeusi, ya kati kahawia, ya mbele rangi ya asali. Mwili wake haukuchongwa manyoya wala misuli. Umejazwa mafundo, kamba moja ikipita juu ya nyingine kisha chini yake, ikizunguka mpaka kwenye ncha za pembe bila kuonyesha inaanzia wapi. Nilimnunua majira yangu ya kwanza ya baridi, kwa pauni 35, nikiwa nimechoka kutazama ukuta mtupu. Ndani ya mfuko kulikuwa na kikaratasi. Kilisema huyu ni mnyama wa hekaya za kale za Kikelti, na kwamba anamaanisha nguvu, heshima na umoja na maumbile.

Nilikipenda kikaratasi kile kwa dakika kama mbili hivi. Kisha nikakitambua. Niliwahi kukiandika mimi mwenyewe.

Nilipokuwa shule ya msingi, likizo zangu nyingi ziliishia kwenye kibanda cha mjomba pale Mwenge, Dar es Salaam. Mjomba anauza vinyago. Wageni walikuja, wakashika kinyonga wa mpingo au nguzo ya watu waliobebana, wakauliza: maana yake nini? Kiingereza changu kilikuwa kinashinda cha mjomba, kwa hiyo kazi ya kujibu ilikuwa yangu. Mjomba alisema, "Mwambie ni kinyonga." Mimi niliona aibu kusema ni kinyonga tu. Nikasema kinyonga ni hekima. Wiki iliyofuata nikasema ni subira. Mama mmoja aliyeonekana mwenye huzuni nilimwambia ni mlinzi wa wafiwa, akanunua wawili. Baadaye niliandika kwa kalamu ya wino, kwenye vipande vya manila, maana za wanyama kumi na mbili. Biashara ilichangamka.

Kwa hiyo siandiki uhakiki huu nikiwa mtu msafi. Naandika kama mtu aliyewahi kuuza maana, ambaye sasa ameuziwa. Na swali langu ni la mnunuzi yeyote aliyerudi nyumbani na bidhaa yake: nimepewa nini, na nimenyimwa nini?

Tuanze na neno lenyewe, Kikelti. Wataalamu wa lugha wanalitumia kwa familia ya lugha ambamo mna Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti, Kiwelisi na Kibretoni. Aliyezipanga lugha hizo pamoja kwa ushahidi ni Edward Lhuyd, mtu wa Welisi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1707. Watu wa Welisi, nchi ambayo wengi wetu tunaiita Wales, walikuwa wakisimuliana hadithi karne nyingi kabla ya hapo, na hadithi zao si zile za Ayalandi. Duka halijali tofauti hiyo. Kwenye rafu moja nilikuta kunguru, farasi, mbwa mwitu, samaki na ayala, wote wamejazwa mafundo yaleyale, na kila mmoja amepewa neno moja au mawili: kunguru ni siri, samaki ni hekima, farasi ni uhuru.

Sasa wachukue wanyama hao uwarudishe kwenye hadithi zao.

Kunguru kwanza. Katika masimulizi ya Ayalandi, shujaa Cú Chulainn alipojeruhiwa vibaya alijifunga kwenye jiwe lililosimama ili afe wima. Maadui walimwogopa hata hapo, hakuna aliyethubutu kusogea, mpaka ndege alipotua begani pake. Ndipo wakajua amekufa. Ndege huyo hasimamii siri yoyote. Kazi yake ni kinyume cha siri, kwani yeye ndiye taarifa ya kifo. Mchongaji Oliver Sheppard alilielewa jambo hilo. Sanamu yake ya shaba, iliyowekwa ndani ya Posta Kuu ya Dublin mwaka 1935, inaonyesha mwili unaolegea na ndege juu yake. Huhitaji kikaratasi. Hata usipomjua Cú Chulainn, utaona kwamba kuna jambo limetokea sasa hivi na ndege amelijua kabla yako.

Samaki naye, samoni wa Mto Boyne. Mshairi mzee Finnegas alimvizia kwa miaka saba, kwa sababu atakayeonja nyama yake kwanza atapata ujuzi wote. Akampata. Akampa kijana wake, Fionn, ampike, na kumwonya asionje. Kijana akaungua kidole gumba, akakitia mdomoni kukipoza, na ujuzi ukaingia kwa mtu ambaye hakuutafuta. Ukisema tu kwamba samaki huyu ni hekima, umemfuta yule mzee aliyekaa mtoni miaka saba akaishia kuwa mpishi wa bahati ya mwingine. Kwangu mimi, hadithi ni ya mzee yule. Mwanafunzi yeyote wa uzamili anamjua.

Na ayala wa Ayalandi? Sadhbh ni mwanamke aliyegeuzwa ayala kwa uchawi. Mwanawe akaitwa Oisín, jina linalomaanisha ayala mdogo. Ni hadithi ya mama aliyepotea msituni na mtoto aliyebaki na jina tu. Sioni wapi pa kuibandika nguvu, wala heshima.

Hivi ndivyo mchongo wa ukutani unavyowanyima wanyama hawa kitu chao kikubwa, nacho ni tendo. Katika ngano, mnyama anafanya jambo, mahali fulani, mbele ya mtu fulani. Anatua, anaungua, anapotea. Ukimtoa kwenye tendo lake anabaki umbo, na umbo likikaa bila kazi linatafutiwa maana. Ndipo anapoingia mtu wa manila na kalamu ya wino.

Nikaanza kuyafuatilia na yale mafundo. Nilidhani angalau hayo yanatoka ndani ya hadithi, kwamba ni lugha ya wasimulizi wenyewe. Siyo. Mafundo yenye wanyama tunayoyaona katika Kitabu cha Durrow, cha karne ya 7, na katika Kitabu cha Kells, cha mwaka 800 hivi, yalichorwa na watawa waliokuwa wakinakili Injili kwenye ngozi. Na mtindo wa kuwasokota wanyama hivyo uliwafikia kutoka kwa mafundi wa dhahabu wa makabila ya Kijerumani. Mfano mmoja upo Makumbusho ya Uingereza, London: bizimu nzito ya dhahabu iliyofukuliwa Sutton Hoo, kwenye kaburi la kifalme la Waanglo-Saksoni, ikiwa imejaa nyoka na wanyama wanaoumana. Kwa maneno mengine, fundo lililomjaza ayala wangu lina baba Mwanglo-Saksoni na mama mtawa. Hadithi za Sadhbh zilipita njia nyingine.

Sitaki kuufanya mchanganyiko kuwa kosa. Mimi ni Mswahili wa lugha, naandika sentensi hii kwa maneno ya Kibantu na ya Kiarabu, na neno plaiwudi tumelitoa kwa Mwingereza. Vitu vizuri vingi ni machotara. Tena yule mtawa wa Kells alichanganya kwa macho wazi: kwenye ukurasa wake maarufu wa jina la Kristo, chini kabisa, amechora paka na panya, na fisi-maji aliyekamata samaki. Wako kazini. Wanaumana, wanakula. Kosa la mchongo wangu ni kwamba umechukua fundo na kuacha meno.

Lipo pia suala la mti. Muuzaji aliniambia kwa fahari kwamba mchongo huu ni wa mbao halisi. Kweli, plaiwudi ni mbao. Lakini mashine inayoongozwa na kompyuta ingeweza kukata umbo hilohilo kwenye bati au plastiki, na ayala asingebadilika hata kidogo. Kingo zake zimeungua rangi ya kahawa, alama ya mwanga wa leza. Hakuna mahali ambapo mshipa wa mti umemlazimisha mchongaji apinde mkono. Mjomba anapochonga mpingo, anauzungusha mkononi kwanza, anatafuta ufa, anatafuta pale rangi nyeupe ya nje inapokutana na weusi wa ndani, na kinyonga anajikunja kwa sababu mti ulijikunja hapo. Si kwamba mkono ni mtakatifu na mashine ni haramu. Ni kwamba katika mchongo mzuri mti nao una neno, na hapa mti umenyamazishwa.

Ipo michongo ya Wakelti wenyewe, ya mti, iliyobaki. Huko Fellbach-Schmiden, karibu na Stuttgart nchini Ujerumani, wachimbuaji walikuta ndani ya kisima cha kale ayala mmoja na mbuzi wawili wa mwaloni, waliochongwa mwishoni mwa karne ya 2 kabla ya Kristo. Mti ulipona kwa sababu ulikaa kwenye maji, mbali na hewa. Nimewaona pichani tu. Mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma, miili imevutwa juu, na ubavuni mwa mmoja wao kuna mkono wa mtu aliyemshika. Mtu mwenyewe hayupo tena, umebaki mkono. Hatujui hadithi yao hata neno moja, na bado wanasema zaidi ya ayala wangu mwenye kikaratasi, maana tunaona kwamba mtu fulani aliwahi kuwashika.

Baada ya hapo nilienda St Fagans, makumbusho ya wazi nje kidogo ya Cardiff, kutazama vijiko. Welisi ina desturi ya kale ya kijana kumchongea msichana kijiko cha mti, si cha kulia bali cha kutundika ukutani. Kimoja kilichopo hapo kina tarehe ya mwaka 1667. Mpini una minyororo, moyo, gurudumu, vipira vinavyocheza ndani ya kizimba, na vyote vimetolewa kwenye kipande kimoja cha mti bila gundi. Nilisimama mbele ya mnyororo mmoja nikajaribu kufikiri kisu kilipitia wapi. Hii nayo ni sanaa ya mti ya ukutani, na haina kikaratasi pia. Maana yake haikuandikwa kwa sababu ilikuwa na anwani: ilichongwa na fulani kwa ajili ya fulani, na wote wawili walijua.

Hapo nikaanza kuelewa kilichokuwa kinaniuma. Ayala wangu hakuchongwa kwa ajili ya mtu yeyote. Alichongwa kwa ajili ya ukuta.

Ningeishia hapo, na uhakiki huu ungekuwa wa malalamiko tu, kama nisingesafiri mwezi wa tano na mwenzangu wa darasa kwenda kwao, mji mdogo magharibi mwa Welisi. Jumamosi kulikuwa na soko. Katikati ya wauza jibini na miche ya maua alikaa mzee mmoja, mbele yake vibao vidogo vya kutundika, kila kimoja na mnyama mmoja. Nikajiandaa kwa mafundo. Hayakuwapo. Kulikuwa na ndege mweusi ameinama, na mbele ya mdomo wake kitu kidogo cha mviringo. Nikamuuliza kama ndege anakula kokwa. Mzee akacheka, akasema kitu kwa Kiwelisi kwa mwenzangu, naye akacheka pia. Halafu mzee akanigeukia, akasema kwa Kiingereza cha polepole kwamba ile si kokwa. Ni fuawe.

Hadithi yenyewe inaitwa Culhwch ac Olwen. Imehifadhiwa katika miswada miwili ya karne ya 14, Kitabu Cheupe cha Rhydderch na Kitabu Chekundu cha Hergest, lakini ni ya zamani zaidi ya hapo. Watu wa Arthur wanamtafuta Mabon, aliyechukuliwa kutoka kwa mama yake akiwa na siku tatu. Hakuna mtu anayejua alipo. Kwa hiyo wanawaendea wanyama, kwa kuwa miongoni mwao yupo mmoja, Gwrhyr, anayejua lugha zote. Wanamuuliza ndege mweusi wa Cilgwri. Anajibu kwamba alipofika hapo akiwa mchanga palikuwa na fuawe ya mhunzi. Hakuna aliyeigusa isipokuwa yeye, kwa kuifutia mdomo wake kila jioni, na leo imebaki ukubwa wa kokwa. Lakini habari za Mabon hajawahi kuzisikia. Anawapeleka kwa aliyemzidi umri, ayala wa Rhedynfre.

Ndiyo, ayala. Ayala wangu alikuwa na hadithi hapa hapa Welisi, na ni hii. Anasema alipofika uwandani palikuwa na mche mmoja tu wa mwaloni. Mche ukakua ukawa mwaloni wa matawi mia, ukaanguka, na sasa kimebaki kisiki chekundu. Naye hajasikia. Anawapeleka kwa bundi wa Cwm Cawlwyd. Bundi anasema bonde hili lilikuwa msitu, watu wakaja wakaufyeka. Ukaota wa pili. Huu mnaouona ni wa tatu, na mbawa zangu zimelika zimebaki vigutu. Naye hajasikia. Wanakwenda kwa tai wa Gwernabwy, na mwisho kwa samoni wa Llyn Llyw, ambaye ndiye aliyesikia kilio nyuma ya ukuta wa gereza, kule Gloucester, na anawabeba wawili begani mpaka hapo.

Nilisoma hadithi hiyo usiku uleule, katika tafsiri ya Kiingereza ya Sioned Davies, nikarudia ukurasa wa bundi mara tatu. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu wananong'ona, hakuna anayemwalika ndani. Hapa bundi ni shahidi. Na tazama wanahesabu umri kwa nini: ayala kwa mwaloni mmoja, bundi kwa misitu mitatu. Mti ndio kalenda yao. Anayetaka kuwachonga wanyama hawa kwenye mti tayari amepewa zawadi, kwa sababu nyenzo yake ndiyo hadithi yenyewe. Mbao anayoishika ni jirani wa ule mwaloni.

Mzee wa sokoni alilijua hilo. Ayala wake alikuwa mdogo, amelala, na kisiki pembeni yake ni fundo halisi la mti, jicho la tawi lililokatwa, ambalo mchongaji mwingine angelikwepa. Hilo ndilo fundo la Kikelti nililokuwa nalitafuta. Kazi zake zina kasoro, sitaficha. Manyoya ya ndege yamepangwa kama vigae vya paa, na tai wake anafanana na kuku. Lakini kila kibao kina tendo, na kila tendo linakutuma kwa mwingine. Huwezi kununua ndege mweusi bila kuanza kumuulizia ayala. Hakuna mnyama hata mmoja pale aliye jibu. Wote wanasema: sijui, lakini yupo aliyenizidi umri, twende nikupeleke.

Hapo ndipo penye uzito kwangu. Sensa ya mwaka 2021 ilikuta kwamba wanaoweza kusema Kiwelisi ni asilimia 17.8 ya watu wa Welisi. Mzee yule na mwenzangu waliweza kucheka kwanza kwa lugha ya ndege mwenyewe, kisha wakanikaribisha mimi kwa lugha ya tatu. Michongo ile ipo hai kwa sababu bado wapo wa kuulizwa. Mimi lugha ya bibi yangu mzaa mama naisikia, siisemi. Hadithi zake nilizipata nusunusu, kwa Kiswahili, na pale zilipokatika nilijaza kwa maana za manila. Niliwaona wageni pale Mwenge kuwa wajinga wasiojua kitu. Kumbe walikuwa wameuliza swali sahihi, na aliyekuwa hajui ni mimi.

Nikampigia mjomba. Nikamuuliza, kinyonga wetu hadithi yake ni ipi hasa?

"Hadithi ipi tena, mwanangu? Si wewe ndiye ulikuwa unazitunga?"

Nikamwambia naona aibu. Akanyamaza kidogo, nikasikia msasa ukiendelea kusugua. Akasema yeye aliniacha nitunge kwa vinyago vya biashara, lakini je, niliwahi kumsikia akimweleza mgeni habari za mapiko? Sikuwahi. Barakoa zile za ngomani alikuwa akizipitisha kimya, akitaja bei au akisema haziuzwi. Kisha akasema hadithi ya kinyonga haijui vizuri, ila yupo mama mkubwa kule Newala, mkubwa kwake kwa miaka mingi. Yeye labda.

"Ukija, twende nikupeleke," akasema.

Ayala wa plaiwudi bado yupo ukutani. Sikumtupa, ameshakuwa mwenzangu wa baridi. Kikaratasi chake nimekitoa. Chini yake nimetundika bundi wa mzee wa sokoni, mwenye mbawa fupi kuliko ilivyo haki, na nyuma ya kichwa chake misitu miwili imechongwa kwa mikwaruzo hafifu. Msitu wa tatu haupo. Nadhani ni mbao yenyewe.